Watu Waliokaa Kimya Ndani ya Simu

Mshangano, Songea
Jumatatu baada ya Pentekoste

Kaka yangu Sixbert,

Shikamoo kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia, hata kama umeitikia huku unapapasa kutafuta miwani.

Kwanza nataka habari za goti. Limepoa, au bado linakusumbua asubuhi na baridi hii iliyoingia? Huku Mshangano tunaamka ukungu umelala juu ya mahindi kama shuka lililoanikwa. Mimi sijambo kwa neema za Mungu. Kifua kilinibana kidogo, nikanywa majani ya mpera na tangawizi, kikaachia. Oliva hajambo, anakuamkia sana. Mahindi ya juu tumeshavuna, ya bondeni bado yana majimaji. Maharage yametudanganya, yalitoa maua mazuri kuliko punje. Ninyi huko Maposeni mmeanza kupukuchua? Na wifi Lukresia hajambo? Hilo la wifi nitalirudia, usidhani nimelisahau.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Kaka, nakujua. Kwenye simu wewe husema umeelewa kabla sijaanza, halafu unahamia kwenye mbolea. Barua haikatizwi. Nimempa George, yule wa bodaboda anayepeleka abiria Peramiho, nikamwambia akupe mkononi, asimwachie mtu. Naomba uisome mpaka mwisho, ndipo ukasirike kama hasira bado itakuwepo.

Nianze na Noeli. Unakumbuka tulivyokaa kwako baada ya misa, tukala, na shauri la Oliva likaletwa mbele ya ukoo. Alikuwa amemaliza nusu mwaka ya kwanza ya masomo yake ya ualimu, yale ya masafa, anayosoma hapa nyumbani kwa simu kwa sababu hakutaka kuniacha peke yangu tangu baba yake alipotangulia. Na karibu masomo yote alikuwa amepata sapu, yaani ameanguka na anatakiwa kurudia mitihani. Ulisema kwamba simu haimfundishi mtu. Ukasema kumwacha msichana peke yake na simu na kudai anasoma, ni kumwacha mbuzi shambani na kudai analinda mahindi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata mimi nilicheka. Oliva tu ndiye aliyekuwa anatazama miguu yake. Ndipo ukatoa neno lako kama mjomba: arudie mitihani, na akianguka tena, simu iwekwe pembeni, aje Maposeni asimamie mashine ya kusaga. Nilikubali. Neno lako ndilo paa la nyumba yangu.

Na nikuambie ukweli, ulikuwa na haki. Mimi niliyekuwa naishi naye nilijua zaidi yako. Siku moja niliingia chumbani kwake nikakuta mwalimu anafundisha kwa bidii, anauliza kama wameelewa, na mbele yake hakuna mtu. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye mto wa kitanda. Mwalimu anafundisha mto, kaka! Oliva alikuwa ameitikia jina lake kwamba yupo, halafu akaenda kwa jirani kusukwa. Nilipomgombeza hakubisha. Alisema, na maneno haya yalinikaa moyoni, kwamba si kwamba hapendi kusoma. Alisema shuleni ukisinzia mwenzako anakupiga kiwiko, ukiwa mvivu unaona haya kwa aliye kushoto na aliye kulia. Hapa, alisema, nikisoma hakuna anayeniona, nisiposoma hakuna anayeniona. Mama, nani atanipiga kiwiko?

Basi nikasema kiwiko nitakuwa mimi. Nikawa nakaa nyuma yake kila jioni kama askari wa benki, nafuma vitambaa. Nilimwapisha hata mbele ya picha ya Bikira Maria, Mungu anisamehe kwa kumwingiza Mama yetu kwenye ugomvi ule. Haikusaidia. Kwenye kitabu chake kulikuwa na tone la mchuzi wa maharage, na jioni nzima ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa ule ule wa tone. Macho yalikuwa kitabuni, mwenyewe hayupo. Nikaona kweli mbuzi wako huyu amezaliwa kwangu.

Sasa sikiliza lililonipata.

Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Januari, nimetoka kanisani kwenye saa ya kuabudu Ekaristi. Unajua saa ile, jinsi watu wanavyokaa mbele ya Sakramenti bila neno, na ukitoka kimya kinakufuata hadi nyumbani kama harufu ya ubani kwenye kitenge. Nafika, jua linazama, mlango wa Oliva uko wazi kidogo. Nachungulia. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na ndani yake kuna watu. Si mwalimu mmoja, ni vidirisha vingi, na kila kidirisha kina mtu, na kila mtu ameinamisha kichwa. Wote kimya. Oliva naye ameinama. Hakuna anayesema, hakuna anayetazama pembeni.

Kaka, nilisimama pale mlangoni. Nikasema moyoni, Bwana wangu na Mungu wangu, mwanangu amewapata wenzake wanasali! Nikadhani wamefika mwisho wa fungu la rozari, na kila mmoja anamngoja mwenzake aongoze lifuatalo, kama inavyotutokea kwenye jumuiya tukiwa wenye haya. Sikutaka sala ikatike. Nikajifunga kitenge mabegani, nikapiga magoti nyuma ya Oliva, nikaanza Salamu Maria kwa sauti. Nikafika nusu, nikanyamaza ili waitikie. Hakuna aliyeitikia. Lakini vichwa viliinuka, kimoja, kingine, mpaka vyote vikawa vinanitazama. Sauti ya Oliva ilikuwa imezimwa kwenye simu, kwa hiyo hawakunisikia. Waliona tu mama mtu mzima kapiga magoti, midomo inacheza. Kijana mmoja akafungua sauti yake, akauliza kwa upole sana, Oliva, kwenu kuna msiba?

Oliva aliruka kama aliyekanyaga siafu. Akafungua sauti, akawa anajieleza huku anacheka na kulia. Vijana wote wakacheka, lakini si kicheko cha kunidhihaki. Yule aliyeuliza akaniamkia, akaomba radhi, akasema mama hapa tunasoma tu, ila kama umeshaanza kutuombea, usiache.

Kijana huyo anaitwa Saleh, ni mwanafunzi mwenzake wa masafa, yuko Nakapanya huko Tunduru. Ndiye aliyeanzisha jambo hili. Alinieleza baadaye kwamba naye alikuwa akiitikia jina na kutoka, akapata sapu kama Oliva. Akiwa amekaa nyumbani na aibu yake, akawa anamtazama mama yake, Bi Biasha, na wanawake wa jirani wanavyobangua korosho kibarazani. Kila mmoja ana sinia lake. Hakuna anayembangulia mwenzake. Lakini hakuna anayesimama kabla ya wengine, na mmoja akibaki nyumbani, korosho zake hukaa wiki nzima. Akajiuliza kwa nini masomo yasiwe hivyo. Akawaomba wenzake, hata wasiofahamiana kwa sura, wawe wanaingia jioni kwenye simu na kukaa pamoja. Sauti zimefungwa, picha ziko wazi, kila mmoja na sinia lake. Kabla ya kuanza kila mtu anasema atasoma nini. Mwisho kila mtu anasema amesoma nini. Basi. Hakuna mwalimu, hakuna adhabu.

Nilisema moyoni haya ni maneno ya vijana, yataisha kama sabuni. Lakini nilikaa, kaka. Mwanzo nilikaa kwa udadisi, na rozari yangu mkononi, pembeni ambako kamera inaniona nusu. Siku iliyofuata nikakaa tena. Siku nilipougua nikabaki kitandani, wakauliza mama yuko wapi, na Saleh akagoma kuanza mpaka Oliva amebeba simu na kunionyesha nilivyolala. Wakaniombea dua kule kule. Tangu hapo wananiita Mama Kimya, na mimi najiona nina zamu, kama zamu ya kuabudu.

Mambo niliyoyaona ndani ya kimya kile sijui kama nitaweza kuyaandika vizuri, elimu yangu unaijua. Niliona watoto wa watu, mmoja Mbinga yuko kwenye stoo ya kahawa, mmoja yuko nje kwa sababu ndani kuna wagonjwa, mmoja asiyeonyesha uso kabisa, mikono tu na kitabu. Wote wamefungwa pamoja kwa kamba nisiyoiona. Nikiona yule wa Mbinga anapiga miayo, naona Oliva naye anajikaza. Saa ya Isha ikifika Saleh huinua mkono, anatoka, na kidirisha chake kinabaki na kiti kitupu na ukuta. Hakuna anayesema kitu, lakini wote wanajua mwenzao yuko kwenye sala, na mimi nikiwa kwenye fungu langu la rozari najisikia tunasali naye chini ya dari moja. Bi Biasha akipita nyuma na sinia lake tunapungiana mikono. Hatujawahi kusikia sauti ya mwenzetu, na namhesabu kuwa rafiki.

Jioni moja nilipigwa na butwaa zaidi. Ilikuwa wakati wa kusema kila mmoja amesoma nini. Ikafika zamu ya Oliva. Ningekuwa mimi ningetaja kurasa zozote, nani angejua? Oliva akafungua sauti, akasema leo nimekaa tu, sikusoma, nilikuwa naangalia nguo mtandaoni. Nikafumba macho nikisubiri wamseme. Hakuna aliyemsema. Saleh akasema ahsante Oliva, ikaendelea zamu ya mwingine. Lakini kesho yake, kaka, ukurasa wenye tone la mchuzi ulifunguliwa mapema na ukapita, na mwingine ukapita, na mwanangu akaandika mpaka kidole kikaota sugu.

Tangu utotoni tunafundishwa kwamba Mungu anatuona kila mahali, na bado tunasinzia kwenye sala. Nimekuwa nikijiuliza kama pengine Mungu, kwa kujua udhaifu wetu, anaazima macho ya watu. Anaazima macho ya kijana wa Kiislamu wa Nakapanya ili amtazame binti yangu. Nilimweleza padre wazo hilo, akatabasamu, akasema hajaona kosa ndani yake.

Mitihani ya kurudia waliifanyia mjini, kwenye kituo, katikati ya Kwaresima. Nilimsindikiza Oliva hadi getini. Na matokeo yametoka juzi, mkesha wa Pentekoste, nikiwa napeta maharage. Nilisikia ukelele ndani, nikadhani nyoka. Kaka, amefaulu yote. Yote! Nilikaa chini pale pale juu ya maganda. Kwa hiyo mashine yako ya kusaga itafute msimamizi mwingine, na neno lako la Noeli limetimizwa bila kuvunjwa.

Lakini furaha yenyewe ilikuwa na mfupa ndani. Saleh hakufaulu. Amedisko, kama wanavyosema wenyewe, maana yake chuo kimemwondoa. Yeye aliyewakusanya wote ndiye aliyebaki nje. Jioni ile Oliva hakutaka kuingia, aliona haya kuwa na furaha mbele yake. Nilimwambia aingie hivyo hivyo. Tukaingia. Na nani alikuwa wa kwanza kwenye simu? Saleh, na kitabu chake mbele. Oliva akamuuliza kwa kigugumizi unasoma nini sasa. Akajibu kwamba ataomba upya mwakani, kwa hiyo anaanza ukurasa wa kwanza. Halafu akasema, na hata kama nisingeomba, nikiondoka mimi nani atawaona ninyi? Nilitoka nje nikalilia ukutani.

Sasa nakuja kwa wifi.

Pasaka uliniita pembeni, ukaniambia Lukresia amebadilika. Kwamba baada ya chakula cha jioni anajifungia jikoni, na ukiingia ghafla anafunika simu kwa ungo. Ukaniomba nimchunguze, mwanamke kwa mwanamke, na ukasema mahindi yakishaingia ghalani utamnyang'anya ile simu uliyompa. Sikukujibu siku ile kwa sababu sikujua. Sasa najua, na nisipokuambia nitakuwa nimekuacha uteseke bure.

Nimekutajia yule asiyeonyesha uso, mwenye mikono tu na kitabu. Aliingia kwenye kundi Kwaresima ilipoanza. Jina lake kwenye simu liliandikwa Mwanafunzi, na mwisho wa kila jioni haongei, anaandika tu. Mikono yake si ya kijana, ni mikono ya jembe. Nilikuwa nikiitazama na kuwaza ni mama wa mtu gani huyo. Wiki iliyopita simu yake iliteleza kidogo. Kitabu kikaonekana kimewekwa juu ya kigoda, na kigoda nikakifahamu kabla sijafahamu kitu kingine. Kina miguu mitatu, na msalaba umechongwa katikati ya kikalio, mkono mmoja wa msalaba mfupi kuliko mwenzake kwa sababu patasi ilikuteleza. Kigoda ulichomchongea mke wako mwaka mliofunga ndoa.

Nilimpigia kesho yake, wewe ukiwa shambani. Kwanza alicheka, halafu akalia. Kaka, Lukresia anasoma. Unajua aliachia kidato cha pili mama yake alipougua. Oliva alipokuja kwenu Januari kuwasaidia kupalilia, wifi alimwona anajifungia jioni na simu, akamuuliza, akaelezwa, akaomba naye aoneshwe jinsi ya kuingia, na Oliva akaitunza siri hiyo hata kwangu. Anajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule wa watu wazima walioachia njiani. Hataki kazi, hataki cheti cha kutundika ukutani. Alisema kitu kilichoachwa nusu humwita mtu, na yeye ameitwa miaka yote akiwa anakoroga ugali.

Nikamuuliza kwa nini amekuficha. Akasema alikusudia kukuambia siku ya Noeli, hata kabla hajajua atasoma kwa njia gani. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la nyama, anangoja watu wapungue, ndipo uliposema lile la mbuzi. Akaona watu wote wanavyocheka, na mimi nikiwemo. Akaweka nyama mezani, akarudi jikoni. Alisema, nilijua nikianguka nami nitachekwa hivyo, afadhali nianguke kimya kimya.

Ameniomba nikuandikie mimi, kwa sababu anasema wewe ukisoma jambo hukasiriki kama ukilisikia. Anajua barua hii inakuja. Atakuwa jikoni.

Sikuagizi, kaka, mimi ni mdogo wako. Uamuzi wa simu ile ni wako, kama ulivyokuwa uamuzi wa Oliva. Lakini kama barua hii imekufikia na jioni imefika, usimwite. Usigonge, usikohoe. Kumbuka uliniambia kuna kipande cha mninga kimebaki nyuma ya ghala. Goti likikuruhusu, chonga kigoda kingine, hata kama msalaba wake utapinda. Ukimaliza, ingia nacho jikoni, kaa pembeni yake, pukuchua mahindi yako au shika rozari yako, na usiseme kitu chochote.

Wasalimie wote wa nyumbani. Oliva anakuomba baraka yako kwa nusu mwaka hii mpya. Bi Biasha wa Nakapanya naye anakusalimu, ingawa hakujui. Mungu aliyewashukia mitume wakiwa wamekaa mahali pamoja awatunze.

Tutakuwa ndani ya simu jioni, sote, na tutakuona.

Mdogo wako,
Leticia